Utomvu Ndumakuwili

Aliyekulia kijijini haelezwi mbono kaburi. Ndio mti unaozungushwa shamba kuwa ua kwa sababu mbuzi hawaugusi, na unaosimikwa makaburini kwa sababu tawi lake ukilichomeka ardhini linashika lenyewe. Ukivunja kikonyo cha jani lake unatoka utomvu mwembamba usio na rangi ya kusema. Ukiupikicha kati ya vidole viwili hutoa povu, na ukidondokea nguo huacha doa la kahawia lisilosikia sabuni. Mtu akijikata panga wakati wa kufyeka, mwenzake hukimbilia uani, akavunja kikonyo, akadondoshea utomvu kwenye jeraha. Baada ya muda damu husimama. Jioni, barazani, inasimuliwa kwamba mbono ndio uliomwokoa.

Haisimuliwi kwetu tu. Mti wenyewe asili yake ni Amerika ya Kati, ukaenea nchi za joto, na Afrika Magharibi nako utomvu wake huwekwa kwenye majeraha yanayotoa damu. Watafiti wawili wa Nigeria, Osoniyi na Onajobi, waliamua kuupima. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003 katika Journal of Ethnopharmacology, na mimi naona kila mwanafunzi anayetaka kupima mimea ya kuzuia damu angeanza kwa kuyasoma, kabla hajagusa tyubu.

Walichukua damu ya binadamu, wakaongeza utomvu kama ulivyotoka mtini, wakahesabu muda mpaka damu igande. Iliganda upesi kuliko kawaida. Wangeweza kuishia hapo. Wazee wangethibitishwa, makala ingeandikwa, na sote tungeridhika. Lakini waliendelea, wakauzimua utomvu uleule, wakarudia. Safari hii damu ilichelewa kuganda. Walipouzimua zaidi, damu haikuganda kabisa. Wakapima na utegili, ile sehemu ya maji ya damu, kwa vipimo viwili ambavyo hata hospitali hutumia, na jibu likawa lilelile: utomvu mzito unagandisha, mwepesi unazuia kuganda. Kisha wakautenganisha kwa viyeyusho, na zile nguvu mbili zikaanza kuachana. Sehemu iliyotoka na ethili asetati, ikiwa kwa kiasi kidogo, iligandisha. Iliyotoka na butanoli ndiyo iliyokuwa na nguvu kubwa zaidi ya kuzuia damu isigande. Zote mbili zilikuwa ndani ya tone moja, kutoka kikonyo kimoja.

Sasa tumfikirie mtafiti mwingine, ambaye simtaji kwa sababu hayupo, ila anayefanana naye yuko karibu kila chuo. Ni kijana wa mwaka wa mwisho. Muda umemwishia, fedha za utafiti ni kidogo, na msimamizi wake anamtaka amalize. Anakwenda uani asubuhi na chupa ya maji aliyoiosha, anakinga utomvu, anarudi maabara. Anaweka matone kadhaa kwenye tyubu ya damu, anabonyeza saa ya simu yake, anainamisha tyubu huku na huku. Damu inaganda. Anarudia mara tatu kama alivyofundishwa, anapiga wastani, anaandika kwamba mbono unazuia damu. Kila alichokiandika amekiona kwa macho yake. Anapasi.

Miaka miwili baadaye mfanyabiashara wa dawa za asili anaipata ripoti ile. Anaamini, tena kwa haki, maana imetoka chuoni. Lakini utomvu wa mbono hautiririki kama maji ya bomba. Kikonyo kimoja hutoa matone machache, na kujaza chupa ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo anaongeza maji, si kwa nia mbaya, bali kama wengi wanavyofanya na dawa yoyote inayoonekana kali. Anabandika karatasi: *Huzuia damu*. Chupa zinauzwa mnadani. Mtu aliyekatika mguu na shoka anamwagiwa dawa iliyozimuliwa, na kile kilichomo ndani ya chupa kimehama upande.

Katika hadithi hiyo hakuna aliyesema uongo hata mmoja. Kijana alisema kweli kuhusu kipimo kimoja, akakiachia kisimame badala ya vipimo vyote. Na tusimlaumu mwenye maji peke yake, kwa kuwa hata pasipo yeye jeraha lenyewe huzimua. Damu inapobubujika, tone la utomvu huchanganyika nayo, likasombwa, likaisha nguvu kila sekunde inayopita. Aliyekatika kidogo na aliyekatika mshipa wanapata utomvu wa uzito tofauti ingawa umetoka kikonyo kilekile. Mtafiti anayepima mbono, au mmea mwingine wowote, hana budi kushuka ngazi yote: utomvu mzima, nusu, robo, moja ya kumi, moja ya mia, moja ya elfu. Mahali mstari unapogeuka, kama unageuka, hapo ndipo pa kuandikwa kwa wino mweusi kwenye ukurasa wa kwanza.

Ngazi hiyo ni mwanzo tu, kwa sababu tyubu ina hila nyingine ambayo imewanasa wengi. Ili kuielewa lazima tuseme kidogo damu inasimamaje. Mshipa ukikatika, kwanza wenyewe hujikaza. Kisha zile chembe sahani zilizomo ndani ya damu hushikamana pale penye tundu na kulisiba. Halafu protini nyingi huamshana moja baada ya nyingine, kwa msaada wa kalsiamu, mpaka fibrinojeni iliyokuwa imeyeyuka ndani ya utegili inageuka kuwa nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo ndizo zinazoshona bonge la damu likawa imara. Damu iliyotolewa kwa ajili ya majaribio huwekewa sitreti, ambayo huifunga kalsiamu yake, na ndiyo sababu inaweza kukaa bila kuganda mpaka mpimaji airudishie kalsiamu kwa wakati anaoutaka yeye. Njia ya Lee na White ya mwaka 1913 ilikuwa nyepesi zaidi: damu mbichi ndani ya tyubu za kioo, kwenye joto la mwili, unainamisha tyubu kila baada ya muda mfupi mpaka utakapoipindua na damu isimwagike. Hata kioo chenyewe kina mkono wake humo, maana damu huganda upesi ndani ya kioo kuliko ndani ya plastiki. Anayepima tyubu ya dawa katika kioo na tyubu ya kulinganishia katika plastiki amepima vyombo, hakupima mmea.

Hila yenyewe ni tanini. Ni ile dutu inayotia ukakasi kwenye ndizi mbichi, majani ya mpera, chai iliyochemka mno, magome ya mkoko na ya miwati. Kazi yake kubwa ni kushika protini na kuzifunga pamoja. Ndiyo maana kwa miaka mingi magome ya mkoko yalivunwa pwani yetu na kusafirishwa kwenda kwenye viwanda vya ngozi, na ndiyo maana miwati ilipandwa Njombe na kwenye nyanda za juu za Kenya. Sasa damu imejaa protini. Ukimwagia damu maji ya majani yenye tanini nyingi, protini zote zilizo karibu zitakamatwa, mchanganyiko utakuwa mzito, na ukiinamisha tyubu hautamwagika. Saa itasimama. Utaandika sekunde chache, chache kuliko za mmea mwingine wowote, na utafurahi.

Lakini ukitazama karibu, hilo si bonge la damu. Bonge la kweli lina nyuzi: ukichovya kijiti cha kioo na kukizungusha, fibrini hujisokota juu yake, ukaivuta, nayo ikavutika. Lile la tanini halina nyuzi. Ni mapande mapande ya kahawia, yanavunjika ukiyagusa na kutuama chini kama maziwa yaliyokatika. Jeraha linahitaji nyuzi zinazovutika. Mapande yanayovunjika mtu akisimama na kutembea hayamsaidii.

Njia ya kumbaini mdanganyifu huyu ni rahisi, na inanishangaza jinsi inavyorukwa. Acha damu igande yenyewe, kisha chukua yale maji ya manjano yanayobaki juu, seramu. Fibrinojeni imeshatumika, hivyo seramu haiwezi kuganda kwa haki tena. Iongezee maji yako ya majani. Ikiwa nayo inashika na kuwa nzito, umeona protini zikifungwa, wala si damu ikiganda. Tyubu nyingine iwekee kiyeyusho peke yake, kile ulichotumia kukamulia dawa, bila mmea wowote. Spiriti kali hugandisha protini hata kama haijaonana na jani maishani mwake, na asidi vilevile. Mtu akiloweka majani kwenye spiriti, akamwaga spiriti hiyo kwenye damu, akasifu majani, ameyapa sifa ya mwingine.

Na tanini haiishii kudanganya jicho. Mwaka 1925, huko Detroit, daktari wa upasuaji Edward Davidson alitangaza matibabu ya majeraha ya moto kwa asidi ya taniki, ambayo hutolewa hasa kwenye vinundu vya miti. Ilinyunyiziwa juu ya ngozi iliyoungua, protini zikafungwa, ukawa ukoko mgumu wa kahawia ulioonekana kuzuia maji ya mwili yasivuje. Matokeo ya mwanzo yalitia moyo, na hospitali duniani kote zikaipokea. Katika Vita vya Pili vya Dunia marubani wa Uingereza waliokuwa wameungua mikono walitibiwa hivyo, na ukoko ule ulipokauka na kubana vidole, baadhi yao waliharibikiwa mikono. Daktari Archibald McIndoe alikuwa miongoni mwa waliopinga kwa nguvu dawa hiyo kupakwa mikononi na usoni. Kisha katika miaka ya 1940 ikabainika kwamba tanini iliyopenya kupitia kwenye majeraha makubwa huharibu ini. Ikaachwa. Kwa muda wa karibu miaka ishirini wagonjwa walikuwa wamepakwa dawa iliyopimwa kwa kile kilichoonekana juu ya ngozi, bila kuulizwa kilichokuwa kikiendelea chini yake.

Kuna kisa kingine, na kwangu mimi hiki ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu ndani yake tyubu haikudanganya kwa kusema jambo. Ingedanganya kwa kukaa kimya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wafugaji wa Canada, na wa majimbo ya kaskazini mwa Marekani, walianza kupoteza ng'ombe kwa njia ya kutisha. Ng'ombe mzima kabisa alikatwa pembe au kuhasiwa, kazi ya kawaida, naye akatoka damu mpaka akafa. Wengine walivuja damu ndani kwa ndani bila kuguswa na kisu. Daktari wa mifugo Frank Schofield wa Ontario aliangalia chakula chao. Walikuwa wakilishwa klova tamu iliyokaushwa, mmea wa jamii ya kunde wenye harufu nzuri, ambao katika misimu yenye mvua ulikuwa umehifadhiwa ukiwa na unyevu na kuota ukungu. Schofield alifanya jambo ambalo natamani lifundishwe kwenye kila maabara ya mimea. Alikwenda kwenye tita moja la majani makavu, akatenga mabua mazuri na mabua yaliyoharibika, akalisha sungura mmoja yale mazuri na mwingine yale mabovu. Wa kwanza alibaki mzima. Wa pili alikufa kwa kuvuja damu. Akarudia kwa majani mengine, ikawa vivyo hivyo. Mmea ulikuwa uleule na shamba lilelile, na kilichotofautiana ni ukungu peke yake.

Baadaye Lee Roderick wa North Dakota alionyesha kwamba wanyama hao walipungukiwa protrombini, moja ya zile protini zinazoamshana ili damu igande. Lakini dutu yenyewe iliyoleta balaa haikujulikana. Ndipo Februari 1933, katika tufani ya theluji, mkulima mmoja wa Deer Park, Wisconsin, Ed Carlson, alipoendesha gari karibu kilomita mia tatu mpaka Madison. Alimtafuta daktari wa mifugo wa jimbo, lakini ilikuwa Jumamosi na ofisi zilikuwa zimefungwa. Akaingia mlango aliokuta wazi, ambao ulikuwa wa maabara ya mkemia Karl Paul Link. Alikuwa amebeba mtamba aliyekufa, majani makavu yapatayo kilo 45, na kopo kubwa la maziwa lililojaa damu. Damu ile ilikuwa haijaganda.

Link hakuwa na dawa ya kumpa siku hiyo. Alichoweza ni kumshauri aache kulisha majani yale, na mkulima hakuwa na mengine. Lakini yeye na wasaidizi wake wakaanza kazi. Kila walichokitoa kwenye majani walikipitisha kwa sungura hai, kisha wakapima jinsi damu ya sungura ilivyoganda. Miaka ilipita. Ni Juni 1939 tu ndipo Harold Campbell, mmoja wa wanafunzi wa Link, alipopata fuwele safi za dutu ile, iliyokuja kuitwa dikumaroli. Ile kumarini inayoipa klova mbichi harufu nzuri haina kosa hilo. Ukungu ndio unaoigeuza.

Sababu ya kusimulia haya yote ni hii. Dikumaroli ukiitia ndani ya tyubu ya damu, haifanyi kitu. Damu itaganda kama kawaida, kwa muda uleule, na mpimaji ataandika kwamba mmea huu hauna athari yoyote kwenye kuganda kwa damu. Sumu hii haigusi damu iliyokwisha kutoka. Inakwenda kwenye ini, inazuia kazi ya vitamini K, na ini linashindwa kutengeneza protrombini iliyokamilika. Inachukua siku kadhaa mpaka akiba ya mwili ipungue, halafu mnyama aliyekuwa akila vizuri jana anavuja damu leo. Link angepima kwa tyubu peke yake asingeipata sumu ile hata angefanya kazi hadi uzeeni. Aliipata kwa sababu aliupima mwili unaoishi, na akausubiri.

Kutokana na kazi hiyo Link na wenzake walitengeneza warfarini, iliyoanza mwaka 1948 kama sumu ya panya na kuruhusiwa kutumika kwa binadamu mwaka 1954. Leo katika kliniki zetu za moyo wapo watu wengi wanaoimeza kila siku, hasa waliowekewa vali za bandia, ili damu yao isigande mahali isipotakiwa. Watu hao wakila mchicha au sukumawiki nyingi kwa ghafla, vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Wakinywa dawa za majani zisizojulikana, lolote linaweza kutokea. Kwao mmea wa kuzuia damu si habari ya barazani.

Kwa hiyo anayekusanya majani awe mkali kuhusu ghala kama alivyo mkali kuhusu maabara. Majani yaliyokaushwa kivulini kwa siku chache na yale yaliyokaa ndani ya gunia lenye unyevu msimu mzima wa masika hayawezi kuandikwa kwa jina moja na kupewa namba moja. Aandike yalichumwa lini, wapi, sehemu gani ya mmea, yalikaushwaje, yalikaa wapi. Mkunga wa jadi au mganga aliyemwonyesha mmea mara nyingi anayajua haya kuliko yeye: atamwambia jani la asubuhi, au gome la upande fulani, au lisitumike likishanyauka. Wapo vijana wanaoyapuuza maelezo hayo kama mapambo ya mila. Mimi nasema hayo ndiyo masharti ya jaribio, na mwenye mmea ameyatoa bure.

Limebaki jambo ambalo ni dogo kulitaja na kubwa kulitekeleza. Mwaka 1910 daktari Mmarekani W. W. Duke alibuni kipimo cha kuchoma ndewe ya sikio kidogo tu, kisha kuigusisha karatasi ya kunyonya kila baada ya nusu dakika na kuangalia doa la damu likipungua. Kwa watu wazima wenye afya damu ilisimama ndani ya dakika chache, bila dawa na bila jani. Majeraha yetu mengi ya jikoni na ya shamba yako karibu na hilo kuliko tunavyodhani. Mtu akikatika kidole, mwenzake akakimbia uani, akatafuta mbono, akavunja, akarudi, akakishika kidole kwa nguvu huku akidondosha utomvu, dakika zimekwisha kupita na kidole kimekwisha kubanwa. Sifa zote zinakwenda kwa mti. Inawezekana mti umesaidia. Lakini aliyekaa kimya na kubana kidole chake kwa kitambaa safi hana wa kumsimulia, kwa sababu hakuna cha kusimulia.

Ndiyo maana jaribio la haki kwa binadamu halilinganishi jani na jeraha lililoachwa wazi. Linalinganisha jani na mkono unaobana. Majeraha yawe ya ukubwa mmoja, muda wa kubana uwe mmoja, kitambaa kiwe cha aina moja, tofauti iwe jani tu, na anayetazama saa asijue nani kawekewa nini. Jaribio hilo lisifanywe kabla kamati ya maadili haijaridhia na kabla mmea haujapimwa usalama wake.

Tunajua jaribio la namna hiyo likifanywa kwa ukubwa unaostahili linavyoweza kuokoa watu. Dawa ya asidi ya traneksamiki ilibuniwa Japani na Utako na Shosuke Okamoto, ambao walitangaza matokeo yao mwaka 1962. Haitokani na mmea, na haigandishi damu hata kidogo. Kazi yake ni kulilinda bonge lililokwisha kujengwa lisiyeyushwe na mwili. Kijana wetu mwenye saa ya simu angeiweka kwenye tyubu, akaona damu inaganda kwa muda uleule wa kawaida, akaitupa. Lakini katika jaribio la WOMAN, lililotangazwa mwaka 2017, wanawake 20,060 waliotoka damu nyingi baada ya kujifungua, katika nchi 21 zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Nigeria, waligawanywa bila upendeleo, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu wakapewa maji ya chumvi yasiyo na dawa. Hawakuhesabu sekunde za kuganda. Walihesabu akina mama waliokufa. Waliokufa kwa kutoka damu walikuwa asilimia 1.5 kwa waliopata dawa na 1.9 kwa wasioipata, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa waliopewa ndani ya saa tatu. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida hiyo kwa takriban asilimia kumi.

Dakika hizo 15 ndizo zinazonifanya niandike kwa uchungu. Mzazi anayetoka damu nyumbani, akakandwa kwa majani na kunyweshwa maji ya mizizi huku bodaboda ikisubiriwa, anaweza kupoteza nusu saa kwa ajili ya dawa ambayo hakuna aliyewahi kuipima kwa mwanamke aliyejifungua. Vilevile mtoto wa kiume ambaye kila akianguka goti huvimba na kila aking'olewa jino damu haikomi siku nzima anaweza kuwa na hemofilia. Damu yake imepungukiwa protini mojawapo ya zile zinazoamshana, na hakuna jani la kuileta. Anachohitaji ni kipimo cha hospitali na protini yenyewe kwa sindano.

Kwa jeraha la kawaida, osha mikono, chukua kitambaa safi, bana moja kwa moja juu ya mahali panapotoka damu, bana kwa nguvu dakika kumi kamili kwa saa bila kufunua kuchungulia, na kiungo kiinuliwe kikiweza. Damu ikilowesha kitambaa, ongeza kingine juu yake na usikibandue cha kwanza. Usiweke udongo, majivu, kinyesi cha ng'ombe wala utando wa buibui, kwa sababu vitu hivyo vinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Damu ikiruka kwa kupigapiga, au isiposimama baada ya kubana, nenda hospitali huku ukiendelea kubana njiani. Na kama jani au utomvu ulikwisha kuwekwa kabla hujafika, mtajie muuguzi ni wa mti gani, uliwekwa saa ngapi, ulichanganywa na maji au la, na kama mgonjwa anameza warfarini.